Nguzo ya Usafiri

Filister Aketch alitembea kutoka Kianda, kule Kibera, hadi Kawangware siku ile, ingawa wale wa utafiti walikuwa wameahidi kumrudishia kila mtu nauli. Nauli ikirudishwa kwa mtu aliyekuja kwa miguu hugeuka unga. Kila mama wa Kibera analijua hilo, na nadhani hata wale wa utafiti wanalijua, ila hakuna anayelitaja.

Alikuwa na miaka arobaini na minne na magoti ya mtu wa sitini. Jana yake alikuwa amefua blanketi nne na mapazia ya nyumba nzima huko Lavington, na mgongo ulikuwa bado haujamsamehe. Alipita mtaa wa Olympic, akatokea barabara ya Ngong, akaifuata mpaka Dagoretti Corner, kisha akashika barabara ya Naivasha polepole, akikwepa mikokoteni. Njia nzima aliwaza mambo mawili: kama mumewe Oluoch amekunywa ule uji aliomwachia kwenye thamosi, na kama jina la Mitchelle litakuwa kwenye orodha.

Orodha yenyewe ilikuwa ya chakula cha mchana. Miezi mitano nyuma vijana wa utafiti walikuwa wamezunguka Kibera na Kawangware, nyumba kwa nyumba, wakiuliza watu walitoka wapi na wanatumia pesa kwa nini. Watu walijibu kwa uchovu, maana mitaa hii imeulizwa maswali tangu enzi za mababu. Safari hii lakini kulikuwa na kitu mwisho wake. Mradi ungelipia watoto mia mbili chakula cha shuleni kwa mwaka mzima, na majibu yangeonyesha ni nyumba zipi zenye shida zaidi.

Mitchelle alikuwa kitinda mimba, miaka kumi na mmoja. Tangu baba yake alale kitandani kwa ugonjwa, saa ya chakula ikifika wenzake hutoka na sahani, yeye hubaki darasani akijifanya anamalizia hesabu. Mwalimu ndiye aliyemwambia Filister. "Mama, huyu mtoto anakunywa maji ya mfereji mpaka tumbo linalia akitembea." Filister alimuuliza mtoto, mtoto akasema ameshiba. Alikuwa amejifunza kulisema neno hilo bila kupepesa macho, na hapo ndipo mama alipoogopa.

Mkutano ulikuwa kwenye kanisa la mabati pale Kongo, mtaa mmoja wa Kawangware. Sella alikuwa amemshikia kiti. Sella ni mwanamke wa Butere. Walikuwa majirani Kianda kabla Sella hajahamia Kawangware na mama mkwe wake.

"Nyar Seme, umekonda," Sella alisema, akimwita kwa jina la kwao ziwani, binti wa Seme. "Unafua nguo ama nguo ndizo zinakufua?"

"Tunafuana. Na wewe umenona, huku mnakula nini?"

"Maneno ya mama mkwe. Asubuhi, mchana na jioni."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu ambao hawana nguvu ya kucheka sana.

Mbele kulikuwa na shuka jeupe limetundikwa kwa vibanio vya nguo, na picha ikamulikwa juu yake. Aliyesimama kando yake alikuwa Nzilani, msichana mpole mwenye viatu vya mpira, yuleyule aliyekuja nyumbani kwa Filister na kuandika majibu kwenye tableti. Mkubwa wake, Waithaka, aliketi pembeni na makaratasi magotini.

"Hii ni grafu," Nzilani alisema. "Msiogope. Kila nguzo ni matumizi. Nguzo ikiwa ndefu, pesa nyingi zinaenda hapo. Za buluu ni familia zilizotoka kijijini zikaja Nairobi. Za rangi ya chungwa ni familia zisizo na kijiji, zilizohama tu mtaa mmoja kwenda mwingine hapahapa mjini. Hizi tumezilinganisha mbili mbili."

Filister aliishia darasa la sita. Picha za namna hiyo alikuwa ameziona kwenye vitabu vya watoto tu, akizipita haraka kama mtu anayepita nyumba ya watu asiowajua. Sasa alizitazama. Akaziona kama mitungi iliyopangwa kwenye foleni ya maji, mikubwa na midogo, kila mmoja na jina la mwenyewe chini yake. Akaanza kuyasoma majina, midomo ikicheza. Chakula. Kodi. Maji na makaa. Karo. Matibabu. Usafiri. Matanga.

Kwa kodi, buluu na chungwa zilikuwa karibu sawa. Hilo alilielewa, mwenye nyumba haulizi ulitoka wapi. Kwa chakula, buluu ilikuwa fupi. Alilielewa pia. Kisha jicho lake likafika kwa usafiri, na pale nguzo ya buluu ilikuwa imesimama kama gorofa katikati ya nyumba za mabati, ndefu kuliko chakula, ndefu kuliko karo.

Na mwisho kabisa, juu ya neno Matanga, kulikuwa na kijiguzo cha rangi ya chungwa, urefu wa kidole. Kando yake, mahali pa buluu, hapakuwa na kitu. Palikuwa peupe kama shuka lenyewe.

"Hapa kwa usafiri hata sisi tulishangaa," Nzilani alisema.

"Mnashangaa nini?" Mzee mmoja aliuliza kutoka nyuma. Alikuwa Shiundu, fundi wa viti pale Kongo, mtu ambaye hawezi kukaa mkutanoni bila kuonja sauti yake. "Hao watu wa ziwa wanapenda safari. Ijumaa ikifika wako kwa basi na magodoro juu."

Watu walicheka. Sella akageuza shingo. "Na wewe Mzee Shiundu, Nairobi uliletwa na ndege?"

"Mimi nilikuja mara moja, nikanyamaza."

Nzilani alingoja kicheko kiishe. Akaeleza taratibu jinsi walivyoisoma ile grafu. Familia za buluu zinaenda nyumbani mara nyingi, ndiyo maana usafiri uko juu. Mtu anayeenda nyumbani mara nyingi hurudi na mahindi, maharagwe, omena. Kwa hivyo chakula chake cha kununua ni kidogo, na si kwa sababu ya njaa. Familia za chungwa hazina shamba kokote. Kwa hivyo, alisema, akitazama chini kidogo, orodha ya chakula cha shuleni ingeanza na watoto wa familia za chungwa, na kwa hesabu ilivyo wangeijaza. Orodha ingefungwa Jumamosi.

"Lakini ndiyo maana tumewaita," aliongeza. "Kama tumesoma vibaya, mtuambie."

Filister aliigeukia tena nguzo ya usafiri. Alikuwa anaijua ile nguzo. Hakuijua yote, lakini kipande chake kimoja alikuwa amekiweka mwenyewe.

Ilikuwa siku ya mvua Nzilani alipokuja kwake. Nyumba ni chumba kimoja, na pazia la maua ndilo linalotenga kitanda na mahali pa kukaa. Nyuma ya pazia alilala Oluoch. Alikuwa amechonga mawe ya ujenzi kwa miaka kumi na tisa, na vumbi la mawe likawa limehamia kifuani mwake. Alikohoa mchana kutwa, kikohozi kikavu, kama mtu anayebisha mlango usiofunguliwa. Filister alikuwa amezoea kuishi na sauti hiyo hivi kwamba alijua saa kwayo.

Nzilani aliuliza chakula, akajibiwa. Akauliza kodi, akajibiwa. Akafika kwa matanga. "Kwa mwezi, mama, mnatoa pesa ngapi kwa mambo ya mazishi?"

Nyuma ya pazia kikohozi kilinyamaza.

Kila Jumapili baada ya ibada, akina mama waliotoka Seme hukutana nyuma ya kanisa na kuchanga. Mwanachama akifiwa, au akifa mwenyewe, chama hukodi gari, hulipa mochari, na mwili hupelekwa nyumbani. Mtu wa kwao hazikwi ugenini kama asiye na mama. Na tangu mwaka ule Oluoch alipoacha kuamka kwenda kazini, Filister alikuwa amechukua hisa ya pili. Alisema ni ya akiba. Mweka hazina alimtazama, akaandika, asiulize.

Lakini mazishi ya mtu anayepumua hayahesabiwi. Mwanamke anayeyahesabu, na mwenyewe yuko kitandani anasikia, watu watasema anaita kifo. Filister hakujua kama aliamini hivyo. Alijua tu kwamba kikohozi kimenyamaza.

"Hapo hatuna kitu," alimwambia Nzilani. "Hiyo pesa ya Jumapili weka kwa usafiri."

Nzilani akaiweka kwa usafiri. Kikohozi kikaanza tena.

Sasa pale Kongo, Filister alitazama lile pengo jeupe juu ya neno Matanga, kisha akawatazama wanawake waliokaa upande wake. Hakuna aliyekuwa akitazama shuka. Mmoja alikuwa akikunja leso. Sella alikuwa akichunguza viatu vyake.

"Sella," alinong'ona. "Kwa matanga ulisema nini?"

"Mama mkwe alikuwa ameketi pale, na ile presha yake. Ningesema nini?"

"Ukaweka wapi?"

Sella alifuta kiatu kwa kidole. "Usafiri," alisema mwishowe.

"Basi simama uwaambie."

"Simama wewe. Mama mkwe wangu yuko nyumba ya tatu kutoka hapa. Wako yuko Kianda."

"Wangu ni mume."

"Najua ni mume."

Waithaka alikuwa ameanza kupanga makaratasi yake. Filister alihesabu watu wa Kianda waliokuwamo mle ndani: watano, na mmoja wao ni Opondo, jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu mwema ambaye hana uwezo wa kuficha neno hata akilipwa. Akisema leo, kabla hajafika Dagoretti Corner maneno yatakuwa yamemtangulia. Mama Mitchelle anachangisha mazishi ya Oluoch, na Oluoch bado anakula.

Akimfikiria Oluoch alikaa. Akifikiria maji ya mfereji ndani ya tumbo la mtoto, magoti yalitaka kunyanyuka. Mwisho magoti ndiyo yaliyoamua.

"Hiyo ndefu si ya kwenda nyumbani kusalimia," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Hiyo ndefu, ya buluu. Si ya kusalimia."

"Ni ya nini, mama?" Nzilani aliuliza.

"Ni ya kubeba mtu."

Mabati yalisikika yakilia kwa jua.

"Uliniuliza matanga," Filister aliendelea, "na nyumbani kuna mgonjwa. Nikakwambia hatuna. Ile pesa tunachanga ni ya gari la kupeleka maiti. Ya mtu ambaye bado hajakufa. Sikukudanganya, ni usafiri. Lakini hakuna mahindi yanarudi na hilo gari."

Nzilani aligeuka akalitazama lile pengo jeupe. Waithaka akaacha kupanga makaratasi.

"Mimi pia," Sella alisema akiwa ameketi, akitazama mlangoni kana kwamba mama mkwe anaweza kuingia. "Yangu pia iko kwa hiyo gorofa."

Mwanamke wa leso akainua mkono. Kisha wawili wengine. Shiundu alivua kofia yake, akaishika mapajani, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ya chini. "Ya ndugu yangu. Lori mpaka Mumias. Bado ninalipa. Mimi pia nilisema usafiri."



Waithaka alizungumza kwa upole, lakini alizungumza kama mtu wa ofisi. Grafu haiwezi kubadilishwa kwa yaliyosemwa mkutanoni. Itabidi kila nyumba iulizwe tena, nyumbani kwake, swali kwa swali, na iwe kabla ya Jumamosi. Nzilani akasema yeye na wenzake watazunguka. Alhamisi angekuwa Kianda.

Filister alimfuata nje. "Mwanangu, haiwezekani nikujibie hapa? Ama uje mahali ninafua?"

"Lazima iwe nyumbani, mama. Ndiyo masharti." Akaongeza, "Pole. Ningepaswa kuona siku ile."

"Ungeona nini? Kulikuwa na pazia."

Alipokea nauli yake, akanunua unga na omena ya kipimo kidogo, akarudi kwa miguu. Karibu na Dagoretti Corner boda boda ilimpita, na nyuma yake alikuwa ameketi Opondo, akimpungia mkono kwa furaha.

Alipofika, Oluoch alikuwa ameketi kitandani, mgongo umeegemea ukuta. Uji ulikuwa umekwisha. Alimtazama mkewe akivua viatu, akatazama miguu iliyovimba.

"Mkutano ulikuwaje?"

"Ulikuwa mzuri."

"Opondo amepita hapa," alisema. Basi.

Hakusema lingine siku ile wala kesho yake. Alikula alichopewa, akakohoa, akauliza Mitchelle habari za shule. Filister aliendelea na kazi zake akimchunguza kwa pembe ya jicho, namna anavyoshika kikombe, namna anavyogeukia ukuta. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Mara mbili alianza, "Baba Mitchelle," na mara mbili akaishia kumuuliza kama anataka maji.

Alhamisi Nzilani alibisha hodi asubuhi, akaketi kwenye kistuli kilekile, tableti kwenye magoti. Oluoch alikuwa nyuma ya pazia. Chakula, kodi, maji na makaa. Yale yale. Filister alijibu akisikiliza kikohozi.

"Na matanga, mama. Kwa mwezi?"

Kikohozi kilinyamaza.

Filister alifungua mdomo. Mbele ya watu thelathini neno lilikuwa limetoka. Hapa, mbele ya pazia la maua, halikutoka. Nzilani alingoja. Nje mtu alikuwa akipita akiuza mchicha.

"Mama Mitchelle," Oluoch alisema kutoka ndani. "Hebu vuta hilo pazia."

Alilivuta. Oluoch alikuwa ameketi, ameshikilia ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, mikono mikubwa bado, ingawa mwili ulikuwa umeikimbia.

"Andika hisa mbili," alimwambia Nzilani. "Moja ni ya nyumba. Hiyo nyingine ni yangu."

"Mzee, pole sana."

"Pole ya nini? Andika. Umetembea kutoka mbali." Alikohoa, akapumzika. "Siku ile ya mvua nilisikia akisema usafiri. Nikajiuliza, huyu mwanamke anasafiri wapi na mimi sijui? Nikakaa nikafikiria. Pazia si ukuta."

Filister alisimama akishika pazia, asijue aliachilie ama alishike.

"Na sasa hapo kwa usafiri patabaki ngapi?" Oluoch aliuliza.

Nzilani alitazama tableti. "Kama ni hivyo, mzee, patabaki sifuri."

"Ni kweli," alisema. "Hatujaenda nyumbani tangu nizike mama. Mwaka wa nne huu."

Jumamosi asubuhi ujumbe uliingia kwenye simu. Filister aliusoma mara tatu, kisha akampa Mitchelle ausome kwa sauti ili asikie kama macho yake yamedanganya. Jina lilikuwepo. Mitchelle hakuruka wala hakupiga kelele. Alikwenda akatoa sahani ya bati chini ya meza, akaanza kuisugua kwa majivu, ingawa shule ni Jumatatu. Baadaye picha ya grafu mpya ilifuata. Filister aliitazama akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akimwonyesha Oluoch. Gorofa ya buluu ilikuwa imeporomoka. Nyingine ilikuwa imeota mwishoni, juu ya neno lililokuwa tupu, na kule mwanzoni chakula kilibaki kifupi vilevile, ila sasa kilisomeka kama njaa.

"Yangu ni ipi?" Oluoch aliuliza.

"Tuko wengi hapo ndani. Huwezi kuona yako."

Aliitazama, macho yamefinywa, namna alivyokuwa akipima jiwe. "Hiyo hisa," alisema. "Mliniwekea ya kwenda tu?"

"Ya kwenda tu." Alilisema, na safari hii lilitoka.

Oluoch alitikisa kichwa polepole. Mitchelle alikuwa mlangoni akisuuza sahani, maji yakitiririka kwenye simiti.

"Na nyinyi," alisema, "mtarudi na nini?"

Filister hakuwa amelifikiria hilo. Katika Jumapili zote zile, katika kuchanga kote kule, gari alilokuwa akiliona kichwani lilikuwa likienda tu, likifika nyumbani na kusimama. Hakuwahi kujiona yeye na mtoto kando ya barabara siku ya pili, wakitafuta njia ya kurudi Kianda, shule ikiwa imefunguliwa na sahani imebaki chini ya meza.

"Kuna jina la hiyo ya kurudi kwa ile karatasi yao?" aliuliza mumewe.

"Nadhani ni usafiri."

"Basi anza kuweka kidogo hapo," Oluoch alisema, akajilaza tena, na Filister akaliacha pazia wazi.